Ni ya Jirani Yangu

Tarehe 9 Januari

Dada yangu,

Pokea salamu zangu, na za wifi yako pia, ingawa yeye za kwake amezitoa kwa sauti kutoka jikoni, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Nitaeleza. Tukiacha hilo, nyumba nzima iko salama. Binti yangu wa mwisho amepata uhamisho wa karibu, anakuja kila Jumamosi kutuangalia kama tunakula. Paa limeacha kuvuja, au tuseme mvua imeacha kunyesha.

Umeniuliza kustaafu kukoje. Kuzuri mno. Nalala mpaka ninapotaka. Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko macho, lakini hiyo ni hiari yangu. Miaka thelathini na minne ya kutunza stoo ya vipuri imeisha kwa keki, hotuba ya meneja na zawadi ya saa ya ukutani. Sasa ndiyo wanataka nijue saa!

Hilo la mlango wa jikoni ni jambo dogo. Wiki iliyopita niliamua kumsaidia wifi yako kupanga vitu vyake. Nikatoa kila kitu nje, nikavipanga kwa ukubwa, nikabandika namba. Vijiko vikawa ishirini na tatu. Nikamuuliza kwa adabu kabisa, cha ishirini na nne kiko wapi? Kisha nikamwekea daftari, awe anasaini kila akichukua sukari. Alisaini, Dada, ukurasa mzima, ila alichoandika si jina lake. Tangu siku hiyo chai napewa dirishani.

Kuna mwenzangu mmoja, maskini, tulistaafu siku moja. Huyo kila asubuhi anavaa shati lake la kazi, anaaga kwao, anakwenda kukaa na mlinzi kwenye geti la kiwanda mpaka saa nne. Mlinzi amemtafutia kiti. Vijana aliowafundisha kazi wanapita wanamsalimia mbiombio, maana wana kazi. Namhurumia sana. Ungekuwa wewe, mtu kama huyo ungemwambia nini?

Na simu yako uwe unaiwasha. Najua utasema simu ni ya misiba na barua ndiyo ya mazungumzo, lakini dunia imebadilika.

Mdogo wako anayekuheshimu.


Tarehe 21 Januari

Bwana Stoo, mdogo wangu,

Barua yako imefika Jumatano na imenimwagia chai, kwa kuwa nilicheka kikombe kikiwa mdomoni. Mpe pole nyingi wifi yangu. Mwambie hicho kijiko cha ishirini na nne akikiona akitupe mbali, akukomeshe.

Huku ni heri tupu. Mwanangu wa kwanza bado ana wimbo wake uleule: Mama hamia kwetu, Mama tumekutengea chumba. Chumba chenyewe nimekiona. Dirisha lake linatazama ukuta wa watu. Nimemwambia siku nikitamani kutazama ukuta nitatazama wa kwangu.

Sasa tuje kwa huyo mwenzako. Ulipokuwa na miaka saba ulikuja kuniambia, "Dada, kuna mtoto mmoja kavunja kioo." Nikakuuliza huyo mtoto amekatika wapi, ukanionyesha kidole chako mwenyewe, damu inachuruzika. Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba dada yake anamsalimu, na hilo shati akalifue.

Usione haya. Mimi nilipoacha ualimu niliugua ugonjwa huohuo. Nilikuwa nafagia uwanja mara tatu kwa siku, mpaka majirani wakaulizana ni mgeni gani huyo anayekuja kwangu na hafiki. Kilichoniponya ni kile chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu. Jumanne na Alhamisi wanakuja watoto waliochelewa kujua kusoma, mmoja mmoja, wananisomea. Silipwi hata kikombe cha maji. Lakini ikifika saa tatu kuna mtu ananingoja, na akinikosa anauliza. Mtu asiyengojewa mahali popote anazeeka kwa wiki moja, mdogo wangu. Siku nikishindwa kufika kwenye kile chumba, ndipo waje wanichukue wakanitazamishe ukuta wao.

Ondoka hapo getini. Tafuta mahali penye foleni ndefu na meza isiyo na mtu, ukakae. Hili si ombi.

Dada yako.


Tarehe 17 Februari

Dada,

Shikamoo ya leo ni ya mtu mwenye kazi. Wifi yako amefungua mlango wa jikoni, anaimba. Sijui anaimbia nini, lakini alianza kuimba asubuhi ile nilipotoka.

Meza nimeipata. Nyuma ya kituo chetu cha afya kuna chumba cha kuazimisha vifaa vya wagonjwa: magongo, fimbo, viti vya magurudumu, na zile fremu za miguu minne ambazo mtu anazisogeza mbele yake akitembea. Vyote ni vya msaada. Mtu anaazima, akipona anarudisha. Msimamizi ni Sista mmoja mfupi, mwepesi, ambaye pia anapima watoto, anachoma sindano na kufukuza mbuzi. Alipofungua kile chumba nikaona fimbo zimelala chali na magongo yamerundikwa kama kuni. Dada, nilikunja mikono ya shati. Nikamwambia, "Mama, niachie ufunguo na rangi nyekundu." Siku nne! Sasa kila gongo lina namba, na fimbo zimesimama kwa urefu. Sista akaingia akasema, "Yaarabi." Nikavimba kichwa.

Ndipo nikaharibu. Siku ya tano alikuja mzee mmoja, mguu wa kushoto alikatwa zamani, na gongo lake limepasuka. Akaomba gongo moja. Nikamwambia magongo hutoka kwa jozi. Akasema, mwanangu, mimi jozi ya nini? Nikamwambia, nikitoa moja, lile la pili nitaliandika wapi? Jozi haivunjwi, hiyo ndiyo sheria ya stoo. Akaondoka, anaruka-ruka kwa ule mguu mmoja, ameshika ukuta.

Sista alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hii stoo unaitunza ili ijae?" Ni swali ambalo miaka thelathini na minne hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikachukua gongo moja, moja tu, nikamfuata yule mzee. Nilimkuta hajafika mbali. Akanisamehe kwa sharti nimsindikize mpaka kwake, na njia nzima alikuwa ananicheka.

Lile la pili lipo, limesimama peke yake. Kila nikilipita naona aibu.

Mdogo wako.


Tarehe 28 Februari

Bwana Jozi,

Hujambo? Na wifi yangu, kito cha subira, hajambo? Jina lako jipya ndilo hilo, usilalamike. Nimewasomea barua yako walimu wote wakati wa mapumziko, na mwalimu wa hesabu amesema kwa sheria yako hata viatu vya yule mzee ungempa viwili.

Sisi tunaendelea. Nina msichana mmoja mwenye pengo la meno ya mbele, wa darasa la kwanza. Huyo akifika kwenye nukta anapiga meza kwa kiganja, paa! ili nukta isimkimbie. Jana alisoma ukurasa mzima hivyo. Mwalimu mkuu akaja mbio akidhani tunapigana. Nikamwambia kaa kimya, mtoto anasoma. Nilirudi nyumbani nimechoka, kiganja kinaniuma, maana mwishoni na mimi nilikuwa napiga. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo nilipokuwa na mshahara.

Yule Sista wako mwenye swali lile nampenda. Mshike vizuri, usije ukamwekea daftari la sukari.

Dada.


Tarehe 20 Machi

Dada yangu,

Wazima wote huku, ila binti yangu ameumwa mafua ya siku tatu akatutangazia wasia. Sasa anakula vizuri.

Leo nakuandikia kuhusu jambo la ajabu la hapa kazini. Wiki mbili zilizopita alikuja mwokaji mikate, pande la mtu, kifua kama mlango. Akasema anataka fimbo, lakini si yake, ni ya jirani yake. Nikatoa kalamu. Jirani ana urefu gani? Akasema, kama mimi hivi. Uzito? Kama mimi. Mguu upi unamsumbua? Akasema "Huu," akajishika goti, kisha akaliachia haraka kama sufuria ya moto. Mimi, kwa uaminifu wangu wote, nikamwambia haya sawa, jirani aje mwenyewe asaini. Akasema atamwambia. Hakurudi.

Nikamweleza Sista. Akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha magurudumu. "Baba," akasema, "tangu chumba hiki kifunguliwe, yule jirani hajawahi kuja hata siku moja."

Kumbe ndivyo walivyo, Dada! Fundi viatu alikuja kwa ajili ya jirani. Mke wa mwalimu, jirani. Polisi mstaafu mwenye masharubu alidai ni ya mkwewe, nikaona huyu angalau ana ubunifu. Si wenye ajali za magari na pikipiki; hao wanasema wazi, wengine wanajisifu. Ni sisi watu wazima. Mtu akiambiwa na mguu wake mwenyewe kwamba umri umefika, anaona aibu kama kakutwa na wizi.

Siku hizi nina utaratibu mpya. Mtu akisema jirani, simwangalii usoni. Nampima yeye kwa jicho anapoingia, natoa fimbo inayomfaa yeye, namwambia, "Hebu ijaribu, tuone kama itamfaa jirani." Anatembea nayo hadi ukutani na kurudi, uso unamfunguka. Namwambia msalimie jirani, mwambie fimbo inashikwa mkono wa upande wa mguu mzima, si ule mbovu. Anaondoka ameshika mkono huohuo niliomwambia. Mwokaji nilimpelekea yake kwake. Alinipa mikate miwili, akasema mmoja ni wa kutoka kwa jirani.

Sikumbuki kufurahi hivi stooni kiwandani. Kule vipuri havisemi asante. Andika upesi.

Bwana Jozi.


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Samahani kwa kuchelewa kujibu, kulikuwa na wageni wageni, mambo mengi, unajua tena. Mimi mzima kabisa. Mwandiko usiuangalie, ni kalamu mbovu.

Shule nzuri. Yule msichana mwenye pengo akifika kwenye nukta anapiga meza, paa! ili nukta isimkimbie. Mwalimu mkuu akaja mbio akidhani tunapigana.

Kuna jambo dogo la kukuuliza. Jirani yangu, mama wa umri kama wangu, aliteleza kidogo huko uani kwake. Si kitu. Anataka tu kujua, kwa udadisi, fimbo inapimwaje. Wewe si ndiye mtaalamu? Usihangaike kujibu kwa kirefu.

Dada yako.


Tarehe 9 Mei

Dada,

Shikamoo sana. Shikamoo mara mbili.

Unajua barua zako naziweka kwenye faili kwa tarehe. Ya mwezi huu nimeilinganisha na ya tarehe 28 Februari. Mtoto yuleyule, nukta ileile, mwalimu mkuu anakuja mbio vilevile. Mtoto gani huyo wa darasa la kwanza anakaa miezi miwili hajaota hata jino? Na kalamu mbovu, dada yangu, hukwaruza. Haifanyi mistari iteremke kama ya mtu anayeandika amelala.

Lakini tuyaache hayo. Tumshughulikie jirani. Maswali yangu ni ya kikazi tu:

Ana urefu gani? Kama wako, sivyo? Nilidhani.

Ni mguu upi? Usijishike, niandikie tu.

Nani anamchotea maji? Nani anampikia? Nani anajua?

Amekwenda kwa daktari? Hapa sina utani. Kabla ya fimbo ni daktari. Nimeona hapa waliojipimia wenyewe wakaja kubebwa. Mwambie jirani kwamba hata kama anajua kuliko wote, na najua anajua kuliko wote, aende akaonekane. Akikataa nitapanda basi hata kesho, siku nzima na nusu ya safari, na nitakuja na wifi yako na daftari, na nitapanga jiko lake kwa namba.

Kupima ni hivi: asimame wima amevaa viatu vyake vya kutembelea, mikono ininginie. Mtu mwingine apime toka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mtu mwingine, nasisitiza.

Mwambie namsubiri.

Mdogo wako.


Tarehe 20 Mei

Kwako wewe mpelelezi,

Hatujambo. Jirani amekasirika. Amesema hajaomba kuhojiwa, na kwamba watu wanaoweka barua za dada zao kwenye mafaili wanahitaji kuombewa.

Hata hivyo amekwenda kwa daktari, kwa kuogopa jiko lake lisitiwe namba. Hakuna mfupa uliovunjika. Nyonga imeumia, ya kulia, na goti lake limevimba. Daktari amesema fimbo haitoshi, atumie fremu ya miguu minne miezi mitatu. Jirani amesema bora afe.

Usimcheke. Anasema akionekana barabarani na kile chuma, mtu atampigia mwanawe simu kabla hajafika kona, na jioni gari litakuwa mlangoni, na vitanda na sufuria vitapakiwa, na ataamka anatazama ukuta. Ana watoto wanaomsomea, huyo jirani. Hajawaona wiki ya nane leo. Amemwandikia mwalimu mkuu kwamba amesafiri. Anajua wanakuja saa tatu wanakuta mlango umefungwa. Halafu akifika pale anakokota chuma, watoto watamwona bibi kizee wa kuhurumiwa, na mtoto hawezi kumsomea mtu anayemhurumia. Ndivyo anavyosema. Mimi namsikiliza tu.

Ni sentimita themanini na moja. Amejipima mwenyewe kwa kamba. Usiulize vipi.

Dada.


Tarehe 30 Mei

Dada yangu mpenzi,

Wifi yako anakusalimu, na mara hii anasalimu akiwa amekaa karibu yangu. Nimemsomea barua yako. Aliinuka, akaenda kutafuta blanketi zito la kufungia mzigo.

Fremu imeondoka leo kwa basi. Nimeirekebisha hadi themanini na moja, nikabadilisha mipira ya miguuni, nikaipiga msasa pale palipokuwa na kutu. Sista amekubali. Ni kweli wewe si wa eneo letu, lakini alisema majirani hawana mpaka. Na sikiliza hili: hakuna fomu ndani, hakuna mahali pa kusaini. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kitu kinatoka stooni bila sahihi. Mkono uliniuma, lakini nimekitoa.

Dada, utani umenikauka kidogo leo. Zile wiki tisa ulipokaa kimya nilijiambia posta, posta, posta. Nilikuwa naogopa. Wewe ndiye uliyenilea. Mama alipokuwa kazini ni wewe uliyekuwa unanipikia, unanipiga, na kunifunga kamba za viatu. Sijui kuwa mtu mzima mahali ambapo wewe hupo.

Mpwa wangu sitamwambia neno. Hiyo ni habari ya jirani, ataitoa mwenyewe akitaka. Lakini kuhusu watoto, nakupinga, na nina ushahidi wa miezi minne. Hakuna hata mmoja niliyemwona anahurumiwa kwa sababu ya fimbo. Wanahurumiwa wanaojishikiza ukutani wakisema hawana kitu.

Fungua mzigo. Basi.

Mdogo wako.


Tarehe 26 Juni

Mdogo wangu,

Leo nakuandikia nimekaa kitako mezani, mistari imenyooka, tazama. Wifi yangu mwambie blanketi silirudishi, ni zuri.

Nilianguka mimi. Ngazi ya mlango wa uani ilikuwa na maji ya kufulia, nikiwa nimebeba beseni. Ilikuwa baada ya chai. Nilikaa chini pale mpaka jua likahama upande wa pili wa uwanja. Nasikia watu wanapita njiani, wengine nawajua kwa sauti zao, na sikuita. Unaelewa? Mwalimu wa miaka thelathini na sita, ninayejua kupaza sauti uwanja mzima ukanyamaza, nilibana mdomo. Nilijua atakayeingia atanikuta niko chini. Mwishowe nilijiburuta mwenyewe hadi kitandani. Nilikuwa najionea aibu, na niliogopa sana, sana. Nimeshalisema.

Fremu yako ilifika na utingo aliyeniita kwa sauti mtaa mzima usikie, "Bibi, gari lako!" Ningekuwa na mguu mzima ningemkimbiza. Siku nne nilianikia taulo juu yake. Siku ya tano ilikuwa Jumanne. Ikafika saa mbili na nusu, nikajikuta nimeshavaa. Nikaitoa ile taulo.

Njia ya dakika tisa nilikwenda kwa dakika arobaini na tisa. Watu wakanisalimia. Muuza mboga akasema, "Mwalimu, umepotea!" akaendelea kupanga nyanya zake. Hakuna aliyempigia mwanangu simu. Ikaniudhi kidogo, kusema kweli.

Mwalimu mkuu akauliza safari ilikuwaje. Nilikuwa nimeshatunga na mji na harusi niliyokwenda. Nikamwambia, "Sikusafiri. Nilianguka, nikaona aibu." Akanitazama, akasema basi karibu kiti, watoto wananiua kwa maswali kila Jumanne na Alhamisi.

Na watoto, mdogo wangu! Kuhurumiwa? Nilipoingia tu wakaisahau sura yangu. Yule msichana akauliza kama ina breki. Mwingine akauliza kama inafika mwendo wa baiskeli. Wakapanga foleni kuijaribu, wanapigana, na mimi nimekaa natazamwa kama utingo. Mpaka kengele ya mapumziko hakuna aliyesoma hata silabi moja. Nikapaza sauti. Uwanja mzima ukanyamaza! Alhamisi walisoma. Yule msichana hapigi tena meza kwenye nukta, anasimama tu, anavuta pumzi, anaendelea. Nilikosa kuona siku aliyoacha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko nyonga.

Mwanangu nimempigia mwenyewe. Alilia, akanigombeza, akaja Jumapili na fundi. Wameweka chuma cha kushikilia bafuni na kwenye ngazi. Wimbo wa chumba umepumzika. Haujafa, lakini umepumzika.

Nimekutilia karatasi ndani ya bahasha. Hukuiomba, ndiyo maana nakupa. Nimeandika: fremu moja, miguu minne, imepokelewa na mimi, naitumia mimi. Sahihi yangu ipo chini. Iweke kwenye lile faili lako la wendawazimu.

Dada yako.


Tarehe 5 Julai

Dada,

Salamu za nyumbani zitachelewa, wifi yako ataziandika mwenyewe. Mimi naandika hapahapa kazini, na kalamu ni ya Sista.

Barua yako ililetwa saa nne asubuhi, nikiwa na watu saba kwenye foleni. Nilisema nitaisoma baadaye. Nikaifungua palepale. Nikasoma nimesimama, nikatoa ile karatasi yako, nikaisoma tena, na kumwita mtu wa pili nikashindwa. Wakaanza kuangaliana. Mmoja akaenda kumwita Sista, wakidhani nimeletewa taarifa ya msiba.

Sista akaja mbio na sindano mkononi. Akaniuliza kuna nini, Baba, nani amefariki? Nikamwambia hakuna aliyefariki, ni dada yangu, ameenda kazini kwake.

Akasema, "Sasa mbona unalia?"

Nikamwambia, "Amefika."